Ndani ya redio yako mna ramani: nani aliichora?

Hebu, msomaji, mwombe fundi wa redio wa mtaani kwako akuonyeshe redio aliyoifungua. Ndani utaona kibao, aghalabu cha rangi ya kijani, chenye vijia vyembamba vinavyopinda huku na kule kama njia za mbuzi mlimani. Mafundi wa Barabara ya Luthuli jijini Nairobi hukiita bodi. Vijia hivyo ni vya shaba, na kazi yake ni ile ile iliyofanywa zamani na waya, yaani kupitisha umeme kutoka kifaa kimoja hadi kingine.

Wengi wetu hudhani kwamba siku hizi vijia hivyo hujichora vyenyewe kompyutani. La hasha! Bodi nyingi nzuri bado huchorwa na mtu aliyeketi mbele ya kiwambo, kipanya mkononi, akipitisha njia moja baada ya nyingine. Iwapo una mwana au binti anayesomea uhandisi wa umeme, yamkini hiyo ndiyo kazi inayomkesha wakati wewe unadhani anatazama sinema.

Enzi za wembe na utepe

Mnamo mwaka wa 1936, Paul Eisler, mhandisi mzaliwa wa Vienna, Austria, aliunda redio akiwa jijini London ambayo waya zake zilikuwa zimechapwa kwenye kibao. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili wanajeshi walizitumia bodi za aina hiyo ndani ya makombora, na baada ya vita zikaingia madukani.

Kwa miaka mingi wachoraji walibandika utepe kwenye karatasi ya plastiki inayopenyeza mwanga. Walichora kwa ukubwa wa mara mbili au nne, kisha mchoro ukapigwa picha na kupunguzwa. Ukikosea, unabandua kwa ncha ya wembe na kuanza upya.

Leo kazi hiyo hufanywa kwa programu, na nyingine hazina malipo hata senti. KiCad, kwa mfano, ilianzishwa mwaka wa 1992 na Jean-Pierre Charras wa Grenoble, Ufaransa. Baadaye wahandisi wa CERN, kile kituo cha utafiti wa nyuklia karibu na Geneva, walitia mkono. Matunda ya kazi yao ni pamoja na uwezo wa kusukuma njia zilizokwisha kuchorwa ili mpya ipate nafasi, mithili ya makanga anavyowasogeza abiria katika matatu iliyokwisha kujaa.

Binti na pampu ya maji

Tuseme binti yako yuko mwaka wa mwisho na mradi wake ni kifaa cha kuwasha pampu tangi linapokauka. Anaweka chipu moja ya kufikiri, rilei (hiyo ni swichi inayoendeshwa na umeme mdogo), na vikorokoro vingine kama ishirini. Programu inamwonyesha nyuzi nyembamba zinazounganisha miguu ya vifaa hivyo. Zimetatizana kama uzi uliochezewa na paka. Kazi yake ni kugeuza kila uzi kuwa njia ya shaba, pasipo njia mbili kugusana, kwa maana zikigusana ni shoti. Panapokosekana pa kupita, hutoboa kitundu chenye shaba ndani, njia ikazama upande wa pili wa bodi na kuibukia mbele, kama gari linalopita chini ya daraja.

Utauliza: kwa nini asibonyeze kitufe, mashine imfanyie? Kitufe hicho kipo. Tangu mwaka wa 1961, C. Y. Lee wa maabara za Bell nchini Marekani alikuwa ameeleza jinsi ya kutafuta njia kwa mashine: unaanzia mguu mmoja, unatambaa mraba hadi mraba kama maji yanayoenea sakafuni, mpaka unafika mguu wa pili. Njia itapatikana, bora tu iwepo. Lakini mashine hutii kanuni ilizopewa tu. Ile ambayo mwanafunzi hakuiandika, kwa mashine haipo.

Chukua upana wa njia. Shaba ya bodi ya kawaida ina unene wa milimita 0.035, nyembamba kuliko unywele. Pampu ya nusu hospawa hula ampia kama 3, na kiasi hicho hudai njia yenye upana wa karibu milimita 1.4 ili isipate joto jingi. Tena pampu hufyonza umeme mara kadhaa zaidi inapoanza kuzunguka, kwa hivyo mtu mwangalifu huweka milimita 3 au hata zaidi. Mashine isiyojua habari za pampu itapitisha kijia cha robo milimita, na ramani itaonekana safi kabisa kiwambonj​ani hadi siku kile kijia kitakapoungua.

Kubwa zaidi ni usalama. Kwenye bodi hiyo hiyo mna volti 240 za kutoka ukutani, na volti 5 zinazofika kwenye vitufe ambavyo mtoto wa nyumbani atavigusa. Kati ya pande hizo mbili wahandisi wengi huacha nafasi tupu ya milimita 6 au zaidi, na wengine hukata ufa kabisa kwenye kibao. Kijia kimoja kikikatiza nafasi hiyo kwa ajili ya kufupisha safari, ukuta umebomoka. Kwa maoni yangu, hapa ndipo mzazi asiyejua lolote kuhusu umeme anaweza kuuliza swali la maana: "Mwanangu, volti 240 zinapita wapi?" Akikuonyesha bila kusita, lala usingizi.

Kisha kuna jambo ambalo huwatoa jasho hata waliohitimu. Umeme haufiki mahali ukaishia hapo. Sharti urudi ulikotoka. Ndiyo sababu upande wa chini wa bodi hujazwa shaba tele, ambayo mafundi huiita ardhi. Ishara za haraka hupenda kurudi moja kwa moja chini ya njia zilizojia. Ukiipasua ardhi kwa njia nyingine, umeme unazunguka mbali, na mzunguko huo unageuka kuwa eriali. Matokeo yake ni kifaa chenye mashetani: kila pampu inapozimwa, chipu inasahau ilikuwa ikifanya nini na kuanza upya. Mwanafunzi atalaumu programu aliyoiandika, akeshe wiki nzima akiikagua, kumbe kosa limelala kwenye shaba.

Likishachapwa halifutiki

Bodi ikiwa tayari, mchoro hutumwa kiwandani, aghalabu Shenzhen nchini China, na mwenyewe hungoja. Kosa likigunduliwa baadaye, ni kukata shaba kwa kisu na kuunga waya, au kulipa tena na kungoja tena huku tarehe ya kuwasilisha mradi ikikaribia.

Hata magwiji hupatikana. Arduino, bodi iliyozaliwa Ivrea, Italia, mwaka wa 2005 na ambayo wanafunzi wengi wa vyuo vyetu huanza nayo, ina safu za matundu yaliyoachana milimita 2.54. Lakini kati ya tundu la 7 na la 8 pana milimita 4.06. Ni kosa la uchoraji. Lilipogunduliwa, bodi za kupachika juu yake zilikuwa zimekwisha kutengenezwa kwa kulifuata, likaachwa lilivyo hadi leo.

Basi kabla ya kutuma, mwambie binti yako auchape mchoro kwenye karatasi ya kawaida kwa ukubwa wake halisi, autandaze mezani, na asimamishe kila kifaa juu ya alama zake. Rilei ndiyo huleta taabu zaidi. Mbili zinaweza kufanana kwa umbo na kutofautiana kwa miguu, kwa hivyo ainunue mapema, hata kabla ya kuchora njia ya kwanza, na aipime kwa rula.