Moshi usioonekana: jinsi hewa chafu ya magari inavyohesabiwa na kuchorwa

Mwaka jana mwenzangu anayesoma jiografia aliniomba nimtafsirie karatasi ya maswali. Alikuwa anajifunza kuchora ramani ya hewa chafu inayotoka katika magari ya Lubumbashi. Neno la Kifaransa «émissions» nililitafsiri kwa «moshi», nikadhani kazi imekwisha.

Siku ya kwanza tulimuuliza mama mmoja anayeuza ndizi kando ya barabara ya kwenda Kasumbalesa ni magari gani yanayotoa moshi mwingi. Alituonyesha kamio moja kuukuu ya mazutu. Tukamwuliza juu ya teksi iliyokuwa nyuma yake. Akajibu: «Ile mutuka haina na moshi, mwanangu. Haiharibu kitu.» Alijibu sawasawa swali tulilomuuliza. Kosa lilikuwa langu.

Teksi ile ilikuwa ya esansi. Bomba lake lilikuwa linatoa gesi ambazo jicho halizioni: kaboni monoksidi, oksidi za nitrojeni na kaboni dioksidi. Lita moja ya esansi ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dioksidi. Uzito huo unazidi uzito wa lita yenyewe, kwa sababu kaboni ya mafuta hushikana na oksijeni ya hewani.

Basi kisichoonekana kinahesabiwaje? Hakuna anayeweza kufunga chombo kwenye bomba la kila gari mjini. Watafiti hukadiria, na njia zao kubwa ni mbili. Ya kwanza huanzia juu: wanachukua mafuta yote yaliyouzwa na kuyageuza kuwa gesi. Inafaa kwa nchi nzima, lakini haisemi ni barabara gani iliyochafuka. Tena, kwetu mafuta mengi huuzwa kwa vidumu na chupa kando ya njia, wala hayaandikwi popote.

Njia ya pili huanzia chini, barabarani. Unahesabu magari kwa aina, mafuta na umri, unapima urefu wa kipande cha barabara, kisha unazidisha kwa kipimo cha utoaji, yaani gramu ambazo gari la aina hiyo hutoa kwa kila kilomita. Tuchukue mfano wa kubuni: basi ndogo 400 zinapita kwa saa moja kwenye kipande cha kilomita 2, na kila moja hutoa gramu 1 ya oksidi za nitrojeni kwa kilomita. Jibu ni gramu 800 kwa saa.

Hesabu ni nyepesi. Uzito uko katika kile kipimo. Programu inayotumika sana Ulaya, COPERT, ina vipimo vinavyofuata viwango vya Euro, vilivyoanza mwaka 1992. Lakini gari lililoingia kwetu limekwisha kutumika miaka mingi kwingine haliwi sawa na siku lilipotoka kiwandani, hasa kama kile kifaa cha kusafisha gesi kimekufa au kimeondolewa. Mwendo nao una neno lake: gari linalosimama na kuondoka kila mara katika msongamano hutoa gesi nyingi zaidi kwa kilomita kuliko lile linalokwenda bila kusimama.

Baada ya hesabu, kila kipande cha barabara hupewa rangi kwenye ramani. Hapa sisi wa isimu tuko nyumbani. Katika ramani ya lahaja, kijiji ambacho mtafiti hakufika hubaki cheupe, na weupe huo hauna maana kwamba watu wake ni mabubu. Vilevile mtaa mweupe kwenye ramani ya magari huenda ni mtaa ambao hakuna aliyekaa kuhesabu.

Kuna pia maneno mawili ya kutenganisha. «Utoaji» ni kile kinachotoka bombani. «Uchafuzi» ni hali ya hewa tunayoivuta, baada ya upepo, mvua, vumbi na makaa ya jikoni kuongeza au kupunguza. Ramani ya utoaji inaonyesha chanzo. Peke yake haitoshi kusema nani ataugua.

Kwa nini nasisitiza maneno? Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka moshi wa injini za dizeli, yaani mazutu, kati ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Yule mama hukaa hapo tangu asubuhi hadi jioni. Kamio ikija, hujifunika pua kwa kitenge. Teksi zikija, hajifuniki.

Tulibadilisha maswali. Sasa tunauliza magari gani hupita, na saa gani husimama kwa foleni. Juu ya gesi tuliandika «hewa chafu ya bombani, inayoonekana na isiyoonekana». Ni maneno marefu, nakubali. Mwenye neno fupi linaloeleweka sokoni alilete. Karatasi bado haijachapwa.