Fahamu: Kwa nini wanaofungua jukwaa hubanwa kwenye ziara kubwa za roki

Oktoba 1981, Prince alipanda jukwaani Los Angeles kuwafungulia Rolling Stones, amevaa koti refu na chupi nyeusi. Mashabiki walimzomea na kumrushia vitu hadi akashuka kabla ya muda wake. Walikuja kwa ajili ya Mick Jagger, mwimbaji wa Stones, basi.

Ila kuzomewa ni nadra. Kinachoumiza kila siku ni utaratibu wenyewe. Bendi kubwa hujaribu vyombo kwanza, na ikichelewa, anayefungua huambulia dakika chache milango ikikaribia kufunguliwa. Ngoma zake hupangwa mbele ya vyombo vya wakubwa vilivyofunikwa, nafasi finyu, taa chache. Anapiga kama nusu saa, viti vingi vitupu, watu bado wako kwenye foleni ya bia.

Malipo nayo ni kiduchu. Wapo hata wanaolipa wao ili waingizwe kwenye ziara! Fulana ndizo huwaokoa, ingawa kumbi nyingi hudai asilimia ya mauzo.

Wengine hushindwa kuvumilia: Jimi Hendrix, aliyewafungulia The Monkees mwaka 1967 mbele ya vigoli waliokuwa wakiwalilia vipenzi wao, alijitoa baada ya maonyesho machache tu.