BYD Atto 3: Sifa na Kasoro Zote Zimo Kwenye Betri

Ukitaka kulijua gari la BYD Atto 3, anza kwa kuinama uangalie chini. Rangi, taa kali na kioo cha inchi 12.8 kinachojigeuza kwa kubonyeza kitufe vinamvutia mnunuzi akiwa dukani. Kitakachoamua kama gari litamfaa au litamsumbua kiko chini ya sakafu: betri ya kilowatisaa 60.48, yenye seli nyembamba na ndefu, kila moja ikikaribia mita 1, zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Kampuni inaziita Blade.

Gari lilianza kuuzwa China mwaka 2022 kwa jina la Yuan Plus, likafika Ulaya mwaka huohuo na Afrika Kusini mwaka 2023. Ni SUV ndogo ya urefu wa mita 4.455, mota moja ya mbele yenye kilowati 150, na kwa kipimo cha Ulaya cha WLTP huenda kilomita 420 kwa chaji moja. Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, liliipa nyota 5. Kwenye karatasi, hakuna cha kulalamikia.

Magari mengine mengi ya umeme hutumia betri zenye nikeli na kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Congo, hasa maeneo ya Kolwezi. Betri ya Atto 3 haina hata chembe ya kobalti wala nikeli. Inatumia fosfati ya chuma na lithiamu, kemia iliyotoka kwenye maabara ya John Goodenough huko Texas katika miaka ya 1990. Mzee huyo alipata Nobel mwaka 2019 akiwa na miaka 97. Katika fosfati, oksijeni imefungwa kwa nguvu na fosforasi, kwa hiyo betri ikipata joto kali si rahisi oksijeni hiyo kuachiliwa ikachochea moto. Ndiyo maana kampuni ilithubutu kutoboa seli zake kwa msumari mbele ya kamera mwaka 2020. Jaribio ni la mwenye mali, hivyo lichukuliwe kwa tahadhari, lakini kemia yenyewe inakubaliana nalo. Isitoshe, betri ya aina hii huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka, na joto la pwani haliichoshi kama linavyozichosha zile za nikeli. Baridi ndiyo adui yake, na hilo ni tatizo la mtu wa Oslo kuliko la mtu wa Tanga.

Gharama yake ni uzito. Kilo moja ya fosfati ya chuma hubeba umeme kidogo kuliko kilo moja ya nikeli, na gari tupu lina takriban kilo 1,750. Uzito huo una faida moja: umekaa chini kabisa, kwa hiyo gari halilali sana kwenye kona ingawa ni refu kwa kimo. Faida inaishia hapo. Ukianza kupanda mlima, fizikia inadai chake.

Chukua safari ya Mombasa hadi Nairobi. Gari likiwa na abiria na mizigo linafika tani 2, nalo linapandishwa kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,650 na ushei. Kuinua uzito huo peke yake kunakula kilowatisaa 9 hivi, yaani karibu sehemu moja ya saba ya betri, kabla hujahesabu upepo na msuguano wa matairi. Hizo ni kilomita 60 zimepotea. Ukirudi, mteremko unakulipa sehemu kubwa ya deni. Kisha kuna mwendo: kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, ukinzani wa hewa unakaribia kuwa maradufu. Barabara ile ina kilomita 480 hivi, na dereva anayejua kukanyaga asitarajie zile 420 za karatasini. Njiani lazima achaji.

Kwenye chaja ya kasi, gari hupokea hadi kilowati 88 na kutoka asilimia 30 hadi 80 huchukua kama nusu saa. Kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani, kujaza betri kunapita saa 24. Ukifungiwa chaja ya ukutani ya kilowati 7, ni kazi ya usiku mmoja, mradi umeme usikatike. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra: volti ya betri ya fosfati hubaki karibu palepale kwa muda mrefu inapotumika, hivyo kompyuta hupata shida kukadiria chaji iliyobaki. Ijaze hadi asilimia 100 mara kwa mara, ili hesabu isipotee.

Sasa matuta. Nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi ni milimita 175. Suzuki Jimny, iliyo ndogo zaidi, ina 210. Kwa sura Atto 3 ni gari la porini, kwa kimo ni la mjini, na kinachotangulia kukwaruzwa huko chini ni eneo la betri, kifaa ghali kuliko vyote garini. Magurudumu ya mbele pekee ndiyo yanayosukuma, na mota hutoa nyutonimita 310 papo hapo, kwa hiyo kwenye tope au lami yenye mvua dereva wa papara atayaona yakizunguka bure. Katika masoko kadhaa gari huja bila tairi la akiba, likiwa na pampu na dawa ya kuziba tu. Ubavu wa tairi ukichanika kwenye kokoto za Handeni, dawa hiyo haisaidii kitu.

Ndani kuna nyuzi nyekundu mlangoni zinazoweza kupigwa kama gitaa. Watoto watazipenda kwa wiki moja.

Anayekwenda kazini na kurudi mjini, mwenye sehemu ya kuegesha na kuchaji usiku, atapata gari tulivu, salama na lisilodai kubadilishiwa oili ya injini. Anayeishi ghorofani bila soketi, au anayekwenda shamba kila mwisho wa wiki kwa barabara ya vumbi, fedha yake aielekeze kwenye gari jingine. Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji maswali mawili na umtake ajibu kwa maandishi: je, dhamana ya betri inatambuliwa nchini mwako, na ni fundi gani hapa anayeruhusiwa kuifungua?