Fahamu: Chombo kikizama, nani anawajibika?

Kila ajali inapotokea ziwani, lawama huanza na nahodha. Kwa abiria wa Kibirizi, Ziwa Tanganyika, anayepanda boti ya mbao kwenda Kagunga, akibanwa kati ya magunia na madumu, jibu hilo halitoshi.

Tazama MV Nyerere, kivuko cha Serikali kilichopinduka Septemba 20, 2018 karibu na Ukara, Ziwa Victoria, na kuua zaidi ya watu 220. Kiliruhusiwa kubeba watu wapatao 100. Mkata tiketi alikufa na mashine yake ikapotea majini, hivyo hata idadi ya waliopanda ilibaki ya kukisia. Rais John Magufuli aliagiza wahusika wakamatwe, akavunja bodi ya TEMESA, wakala uliokiendesha, na kumwondoa mtendaji wake mkuu.

Kuvunja bodi na kumwondoa mtendaji ni hatua ya kiutawala, na kwa kweli ndiyo rahisi. Jinai ni njia nyingine: polisi hupeleleza, mwendesha mashtaka athibitishe uzembe wa mtu mmoja mmoja. Fidia ni njia ya tatu. Familia humdai mmiliki kwa kesi ya madai, hata kama hakuna aliyefungwa.

Katika Ziwa Tanganyika nako, ukaguzi na usajili wa vyombo uko chini ya Shirika la Wakala wa Meli Tanzania (TASAC). Kwa ajili ya madai ya fidia, ndugu wa marehemu watunze tiketi au risiti ya muamala wa simu, na cheti cha kifo. Bila orodha ya abiria, kuthibitisha kwamba mtu alikuwamo botini ni kazi kubwa.