Programu ya mazoezi ya shule: pima kwanza

Mwanafunzi akipewa kazi ya kupanga programu yake ya mazoezi, mara nyingi hukimbilia kuchora jedwali. Sisi tunashauri aanze na kipimo, na mwenye pumu au tatizo la moyo amwone kwanza mhudumu wa afya.

Kipimo rahisi ni cha daktari Mmarekani Kenneth Cooper, cha mwaka 1968: kimbia dakika 12, kisha pima umbali. Saa ya simu inatosha. Uwanja wa mpira wa mita 100 kwa 60, mzunguko mmoja ni mita 320. Andika pia mapigo ya moyo asubuhi kabla hujatoka kitandani: hesabu sekunde 30, zidisha kwa mbili.

Sasa panga wiki sita, siku tatu kwa wiki, ukipumzika katikati na kuongeza kidogo kidogo. Unayetembea kilomita tano kwenda shule na kuchota maji jioni, hesabu na hayo. Ukiyasahau utaumia goti, halafu utalaumu programu.

Mwishoni rudia kipimo uwanja uleule, saa ileile. Asubuhi ya ubaridi na saa nane ya jua kali hazilinganishwi.

Kwenye tathmini ndipo wengi hupoteza alama, kwa kupika namba ili zipande. Umbali ukishuka, andika umeshuka, na useme kwa nini: malaria wiki ya tatu, au msimu wa kupalilia. Kisha eleza ungebadilisha nini ukianza upya.