Je, Wajua? Mafuta ya Breki Huchemka

Wengi wanaoandaa Ford Mustang ya zamani kwa ajili ya barabara ya mbio huanza na injini. Waanze na breki! Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango hicho cha chini hushuka hadi 155. Gari zito la V8 likipigwa breki kona baada ya kona, joto hilo hufikiwa upesi. Mafuta yakichemka hutoa mapovu ya mvuke, na mvuke hubanika: dereva anakanyaga, pedali inazama hadi chini, gari halisimami. Ndiyo maana fundi makini hubadilisha mafuta na kutoa upepo kwenye mabomba kabla gari halijaingia uwanjani.