Motokari ndogo na njia ya posti ya usiku

Saa kumi na mbili asubuhi, posti ya usiku inatoka. Zamani kidogo, mbele ya lango la mine tulikuwa tunaona baiskeli, pikipiki na bisi ya kampuni. Leo ni Vitz, IST, Passo, tena Vitz, zimepangana mu mavumbi kama mifuko ya makala ku barabara. Siku moja, tukiwa tunangojea shefu mumoja, tulianza kuzihesabu. Tukaacha.

Sisi wa sendika hatuchekelee mutu mwenye kununua. Wengi kati yetu tuko nazo. Mutumishi anapeleka muke wake ku materniti usiku wa mvua bila kupiga hodi kwa jirani, hiyo si kiburi. Mulango wa nyuma unanyanyuka, viti vinalala, mifuko mbili ya unga na moja ya makala inaingia. Mashini ya Vitz ya kwanza inaanzia litri moja, ya IST inaanzia 1.3. Vipande vinapatikana, na fundi wa kila kartie anazijua.

Lakini mujue zinatoka wapi. Zinafika bandari ya Dar es Salaam kutoka Japani, zinapita Tunduma, zinakata Zambia yote, zinaingia kwa Kasumbalesa. Japani, Tanzania na Zambia wote wanatembea ku mukono wa kushoto, basi usukani wa kuume hausumbue mutu. Ni hapa kwetu njo unageuka matata. Hata radio inashangaa: FM ya radio nyingi za zamani za Japani inaishia 90, na stasio nyingi zetu ziko juu ya hapo. Unanunua motokari yenye radio, kisha unasikiliza simu.

Radio tunasamehe. Kupita kamio, hapana. Kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi muko nyuma ya makamio ya shaba na ya asidi. Shofere wa usukani wa kuume anakaa upande wa majani. Kama amejibana nyuma ya kamio, ili aone mbele anapaswa kutosha motokari nzima ku njia ya wengine. Wengi wanauliza mwenye kukaa kando: «Yaya, iko wazi?» Na yaya ametoka posti ya usiku, jicho moja limefunga. Tunawaomba: mukae mbali na kamio, kule nyuma ambako unaweza kuona upande wa kushoto bila kutoka. Kama hauone, haupite. Hata kama wa nyuma anapiga honi.

Sasa tuongee makuta. Tuseme unakaa kilometa 30 na mine, na unafanya posti 22 kwa mwezi. Kwenda na kurudi ni kilometa 1.320. Motokari ndogo yenye afya inakunywa litri 6 ao 7 kwa kilometa 100, kwa hiyo litri 79 mupaka 92 kwa mwezi, mbele haujaenda hata ku matanga. Zidisha na bei ya esanse ya leo. Ongeza asiransi, vinyeti, kontroli tekniki, na wale wenye kukusimamisha bila sababu. Ongeza mipira na filtre ya hewa, sababu mavumbi yetu si ya Japani. Na ile karter ya chini, jiwe moja tu linaipasua. Kama motokari yako iko na bwate CVT, usikubali fundi aweke mafuta ya bwate ingine yoyote «kwa sababu inafanana». Tumeona bwate nzima kufa juu ya hiyo «inafanana».

Kitu kingine tunakikuta kila mwezi mu biletini za mushahara: deni ya miezi 24 juu ya kontra ya miezi 12. Mutumishi wa sutretansi anasaini, motokari inakuja, kontra inaisha, motokari inaenda, deni inabakia. Mbele ya kusaini, leta kontra yako kwa delege tuisome pamoja. Hatulipishe mutu.

Ili alipe hiyo deni, mwenzetu mumoja alikuwa anafanya taksi akitoka posti. Masaa kumi na mbili ya kazi ya usiku, kisha wapasenje wane. Mwezi wa tatu alisinzia mu musitari wa sawa, hata kona haikukuwa. Motokari ililala mu mufereji. Yeye mwenyewe alivunjika muguu, mama mumoja mwenye alikuwa nyuma alivunjika mukono. Tulienda kumuona ku lopitali. Kitu cha kwanza alituuliza si muguu. Alituuliza kama ataandikiwa aksida ya kazi.

Hapo sheria inasema hivi. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, yenye kuongoza CNSS, inahesabia aksida ya njiani, kati ya nyumba na kazi, kama aksida ya kazi. Lakini ni pale tu njia haikukatwa wala kugeuzwa juu ya faida yako mwenyewe. Alikuwa amegeuka kushusha pasenje. Ku biro ya kampuni walimuuliza swali moja tu: ulikuwa unaenda nyumbani, ao ulikuwa unatafuta franga? Akasema kweli. Dosie yake ingali inasumbua, na sisi tuko nyuma yake.

Sasa musikilize na upande wa pili. Mwaka mumoja mbele ya hiyo aksida, kampuni iliondoa bisi ku kartie mbili. Sababu tuliyopewa mu mukutano: «Watumishi wako na motokari.» Kumbe Vitz yetu, yenye tunalipa kwa deni, ikawa kisababu cha kutunyima bisi! Na mwenye hana motokari anapanda ya mwenzake, watu sita mu viti vitano, na shofere hajalala.

Tumeandika barua: bisi irudi ku kartie zote mbili, kwanza kwa posti ya usiku, na motokari zibakie nyumbani kwa kazi za nyumbani. Liste ya kusaini iko kwa delege wa kila ekipe. Mwenye iko na motokari naye asaini. Mukutano ni siku ya posho, nyuma ya lango, kisha posti ya mchana.